Kiti cha Msomaji wa Boga Lisilo na Uso

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku njema kuliko zote tangu nistaafu. Dolores Vickery amekosea! Mbele ya watu sita. Hakuna aliyegundua ila mimi.

Niandike kwa utaratibu. Klabu yetu hukutana maktaba ya Pellton kila Jumatatu saa kumi jioni. Watu wazima saba, mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minne, na tunasoma Wapelelezi wa Kilima cha Larkin, vitabu vya watoto wa miaka tisa. Hatuoni haya. Kila Oktoba ni zamu ya kitabu cha tisa, Boga Lisilo na Uso. Usiku wa kuamkia Halowini, maboga yote yaliyochongwa nyuso na kuwashwa mishumaa ndani yanatoweka vibarazani, na kwenye kila mlango linabaki boga zima, halina macho wala mdomo. Nani kaiba? Sote tunajua. Sote tumekisoma mara ishirini. Lakini kwa kanuni ya klabu jina la mwizi halitamkwi mpaka tarehe 31. Kabla ya hapo anaitwa Yule. Hata humu siliandiki.

Tarehe 31 watoto wa mji mzima hujazana maktabani, na mwanachama mmoja huketi kwenye kiti kikubwa cha ngozi akawasomea sura ya mwisho. Mmoja tu. Dolores amekikalia miaka kumi na mmoja. Alikuwa mwalimu, basi watu wanadhani kazaliwa nacho. Mimi nakitaka kile kiti. Sijataka kitu namna hii tangu nikiwa na miaka tisa. Kila mwaka akianza sura ya mwisho mimi hutoka ukumbini, naenda kusimama penye sufuria la juisi ya tofaa ya moto. Ni mgomo. Hakuna aliyewahi kujua kuwa nimegoma.

Sasa leo, katikati ya mjadala, Dolores akasema anapenda sana pale Yule anapoyapandisha maboga kwenye mnara wa kanisa. Mnara! Maboga yamefichwa kwenye ghala la barafu. Kila mtoto anajua. Wengine wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu Dolores akisema nyasi ni nyekundu nao watatikisa vichwa.

Uzee huo. Nilimhurumia kama dakika moja.

Jumanne, 22 Oktoba

Kanuni iko wazi. Mwanachama akimpinga msomaji kwa maandishi kabla ya Jumamosi, na ikathibitika msomaji kakosea hadithi, kiti ni chake. Akishindwa, anakomba mbegu na nyuzi za maboga arobaini ya watoto kwa kijiko, mbele ya kila mtu, wakati hadithi inasomwa. Haijawahi kutokea. Watu wa Pellton hawapingani kwa maandishi.

Hatari ni moja: Dolores kukumbuka. Nakala yake alimwachia mjukuu huko Toledo, alisema mwenyewe. Maktaba ina nakala mbili. Basi nimeziazima zote mbili! Mkutubi wetu Nadine alisema kadi moja kitabu kimoja. Nikatoa kadi ya Fern. Fern ni mdogo wangu, tunaishi pamoja tangu mumewe afariki. Nadine akauliza tangu lini Fern anasoma hadithi za watoto. Nikajibu kuwa watu hubadilika.

Sikuzifungua. Za nini? Nina nakala yangu, niliyopewa na shangazi nikiwa na miaka tisa, jalada la bluu, mgongo umeshikwa na gundi tu. Zile za maktaba nimezitia kwenye friza, chini ya mifuko ya mbaazi.

Jumatano, 23 Oktoba

Fern alikwenda kutafuta mbaazi. Akarudi na kitabu kimoja, barafu imemganda kwenye kucha, akiuliza kama akili yangu bado iko mahali pake. Nilimweleza mpango. Akasema kama kimeazimwa kwa jina lake atakisoma, asije akaulizwa jambo akatoa macho.

Akasoma mezani alasiri nzima. Alisema hawa watoto wa Larkin wanakula pai kupita kiasi. Akacheka. Halafu akafikia kurasa za mwisho. Nilipoinua kichwa nikamwona anafuta machozi. Anakata vitunguu, nikajisemea. Hakukuwa na vitunguu.

Akaanza kusema, jamani kaka, kumbe huyu Yule. Nikaziba masikio yote mawili. Nikamwambia kanuni ni kanuni, mpaka tarehe 31. Akaniuliza kama si mimi ninayedai nimekisoma mara ishirini. Nikamwambia ndiyo maana najua pa kunyamaza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimewasilisha pingamizi. Kurasa tatu, mwandiko safi, nimepigia mstari neno "barafu" mara nne. Nadine alilisoma pole pole mezani kwake. Akaniuliza natumia nakala gani. Nikamjibu kuwa kitabu ni kitabu. Akaniuliza tena, kwa upole, kama nataka kuliondoa kabla hajaligonga muhuri. Wanamwogopa Dolores kiasi hicho! Nikamwambia gonga.

Akagonga.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya kanisa nani yuko mlangoni? Dolores. Na pai ya boga mkononi, bado ya moto. Hajawahi kuniletea hata biskuti.

Akaketi jikoni. Hakugusia pingamizi, ingawa mji mzima unalo midomoni. Aliniuliza koo langu likoje siku hizi. Nikasema zima kabisa, kwa nini? Akauliza kama macho yangu yanaweza kusoma kwenye mwanga wa mshumaa. Nikamwambia yangu hayana neno, na nikalitilia mkazo hilo "yangu". Akatabasamu. Akasema alikuwa na jambo dogo la kuniomba kabla haya mengine hayajaanza, lakini pengine sasa lingoje Alhamisi. Nikasema bora lingoje.

Nimeliona lengo lake mara moja. Anapima koo, anapima macho, halafu analeta pai. Sikuila. Fern alikula robo tatu na yuko salama, lakini Fern tumbo lake ni la chuma.

Alipoondoka Fern akanikata jicho. Akasema yule mama alikuja kwa wema nami nimemkalisha kama mshtakiwa. Nilimweleza kuwa yeye ni mgeni katika mambo ya klabu.

Jumanne, 29 Oktoba

Mazoezi. Nimesoma sura ya mwisho mara sita mbele ya kioo cha bafuni, kwenye nakala yangu. Ni sura fupi. Dakika tisa tu. Ajabu, Dolores huchukua nusu saa, na mimi penye juisi huwa namaliza vikombe vitatu. Anavuta maneno.

Nimepata joho jeusi la kwaya. Linanibana makwapani lakini nikiwa nimeketi haionekani.

Chakula cha jioni, Fern akaweka kitabu cha maktaba juu ya sahani yangu, kimefunguliwa karibu na mwisho. Nikakifunika kwa kitambaa cha mkono. Akasema kaka, ukurasa mmoja tu. Nikamwambia mtu anayegombea kiti lazima awe msafi, hawezi kuchungulia siku mbili kabla. Akasema nina kichwa kigumu kuliko hayo maboga, na kwamba amejaribu, Mungu ni shahidi. Amejaribu nini? Sikuuliza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika nikiwa na nyuzi za boga mpaka kwenye viwiko.

Saa kumi na moja ukumbi ulikuwa umejaa. Mizimu, wachawi, mtoto mmoja amevaa kama mashine ya kufulia. Nadine akasoma pingamizi langu kwa sauti. Kila lilipofika neno "barafu" nikakohoa kidogo. Akasema nionyeshe ushahidi. Nikatoa nakala yangu ya bluu. Akauliza kama kuna anayejua nakala za maktaba ziko wapi. Nikazitoa pia, mwenyewe, kwenye mkoba wangu, kwa mbwembwe, nikazipanga mezani. Moja ilikuwa bado na mbaazi katikati ya kurasa.

Nadine akasoma yangu kwanza. Ghala la barafu. Yule ni mchuuzi wa brashi, mtu wa kupita, anayeiba maboga ili auze mishumaa iliyomo. Anakamatwa, anafungwa, watoto wanakula pai. Nikasimama nusu, tayari kwenda kuketi.

Kisha akafungua ya maktaba. Mnara wa kanisa. Hakuna mchuuzi. Yule ni mzee Crandall, mpiga kengele.

Nikasema kitabu cha maktaba kina makosa. Watoto wakacheka. Nadine akageuza ukurasa wa mbele wa nakala yangu, akauonyesha ukumbi. Mwaka 1961, akasema, wachapishaji waliziandika upya hadithi za Larkin. Wakakata kurasa arobaini na tano. Wakaona si vizuri mpiga kengele wa kanisa awe mwizi, wakamwingiza mchuuzi. Watu wengi wanayo hiyo ya bluu bila kujua. Nikauliza, kwa heshima, nani kaamua kuwa ile ya zamani ndiyo halali.

Akafungua daftari la kanuni za klabu. Kanuni ya saba: "Panapotofautiana matoleo, la kwanza ndilo litakalotumika." Mwandiko wangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa katibu. Niliiandika kumkomoa Harlan Boyce, aliyekuwa akija na toleo lenye picha za rangi akijiona. Sikuwahi kufikiri kuwa langu si la kwanza. Lilikuwa la zamani kuliko kila kitu nyumbani.

Nikapewa kijiko.

Kwa hiyo mwaka huu sikugoma. Mtu hawezi kugoma akiwa kati ya maboga arobaini. Nikamsikia Dolores, kwa mara ya kwanza, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee Crandall mwanawe hajarudi kutoka vitani. Watu wamemwambia hatarudi. Halowini ndiyo ilikuwa sikukuu ya kijana yule, akichonga nyuso za mtaa mzima. Basi mzee anakusanya kila uso unaowaka, anaupandisha mnarani usiku, ngazi mia moja na kumi, ili kijana akiwa popote pale aone nyumbani ni wapi. Na watoto wa Larkin wakimkuta huko juu hawamwiti polisi. Wanauliza kiberiti kiko wapi. Wanamsaidia kuwasha.

Nililia. Naliandika kwa sababu hakuna atakayelisoma daftari hili. Miaka hamsini na miwili nimekuwa na mchuuzi wa brashi, na mzee Crandall yuko mnarani peke yake, na mimi nje penye juisi. Mtoto wa mashine ya kufulia akaniuliza ninalia nini. Nikamwambia boga limenirukia jichoni. Akanipa kitambaa, kumbe ni soksi yake.

Kitu kingine nilikiona kutoka pale chini. Dolores alishika kitabu wazi lakini hakugeuza ukurasa hata mara moja.

Alipomaliza akakiri mwenyewe. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa tatu huu anasoma kwa kukumbuka. Akasema amekichoka kile kiti, amengoja mtu akiombe, hakuna aliyewahi kumwomba. Akasema mbele ya wote kuwa Jumapili alikuja kwangu na pai ili anikabidhi kiti. Alinisikia zamani nikisoma ratiba ya kuzoa takataka mkutanoni, akaipenda sauti yangu.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilikuwa na mbegu kwenye nyusi.

Nikasema nakubali! Nadine akafunga macho kidogo, akafungua tena lile daftari. Kanuni ya tisa: "Atakayeshindwa pingamizi hatakalia kiti miaka mitatu." Mwandiko uleule. Hiyo nayo ilikuwa kwa ajili ya Harlan.

Dolores akauliza kama kuna mwingine ambaye sura ya mwisho ilimgusa. Fern akainua mkono, yuko nyuma karibu na makoti. Hata mwanachama hakuwa! Wakamwandikisha pale pale. Kiti ni chake mpaka atakapochoka.

Nilibakiwa na maboga kumi na tisa. Dolores akaketi kando yangu, akachukua kijiko cha pili, akavuta boga. Anakomba vizuri kuliko mimi, na haoni.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimelala vizuri. Nimeyafikiria yote na nimejifunza mengi. Moyo wangu ni mweupe kwa kila mtu, hasa Fern.

Mkutano ujao tunaanza kitabu cha kumi, cha Krismasi, Kengele Iliyonyamaza. Fern amekwisha kukisoma maktabani asubuhi hii, ana haraka ya ugeni. Wakati wa chai akasema anapenda sana pale watoto wanapojificha kwa mwoka mikate.

Kwa mwoka mikate! Wanajificha kwenye zizi la farasi. Kila mtoto anajua. Nakala yangu ninayo tangu nikiwa na miaka kumi, jalada la bluu, shangazi yuleyule.

Akauliza, kaka, hiyo yako imechapwa mwaka gani? Nikaziba masikio.

Kanuni ya tisa inakataza kukalia kiti. Haisemi lolote juu ya kusoma umesimama. Pingamizi lina ukurasa mmoja na nusu tayari. Nakala za maktaba za kitabu hiki ziko kwenye friza, zote mbili, safari hii chini ya samaki, kwa sababu Fern hali samaki.