Nyonga Yangu na Kikapu cha Kwanza

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Nyonga imelia tena. Mbele ya watu! Kwenye mazoezi ya kanisani, pale tunapoinama na vikapu kichwani, upande wa kushoto ukasema kah! kama muwa unaovunjwa. Nilikohoa haraka kufunika ile sauti. Maman Patricie, anayecheza nyuma yangu, akaniuliza tangu lini watu wanakohoa kwa kiuno. Mwanamke huyu ana masikio ya paka.

Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Jumapili ya tarehe 23 ni sikukuu ya Kristo Mfalme, na kikapu cha kwanza cha matoleo nakibeba mimi, Nzigire. Nilipovuka mpaka kutoka Bukavu na kuanza kuuza vitenge hapa Kamembe, nilikuwa "yule wa ng'ambo". Tangu nilipopewa kikapu nimekuwa Maman Nzigire, hata kwa watu nisiowajua. Wakijua nachechemea, watanipeleka kwenye benchi la bakoko, pale kwenye nguzo, wanapokaa mabibi waliostaafu kucheza. Wanapewa upepeo wa plastiki wa kujipepea na hakuna anayewaangalia tena. Patricie atachukua nafasi yangu. Ameshaanza kunyoosha shingo.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Jumanne, 11 Novemba

Nilimwuliza jirani yangu Joselyne, ambaye pia anacheza nasi, watu wenye nyonga mbovu hufanyiwa nini. Nikasema naulizia binamu. Kosa kubwa! Joselyne akasema mjomba wake alipelekwa mbali, akakatwa mfupa kwa msumeno, akawekewa chuma. Nikauliza kama alipona. Alipona vizuri, anatembea, analima. Ila mvua ikianza hatoki nje, maana radi inapenda chuma. "Sasa ule muntu iko kama antenne," alisema, huku anachambua maharagwe.

Antena! Hapa wilayani Rusizi, mwezi wa Novemba, ambapo radi inapiga hata mgomba usio na kosa! Mchana mawingu yakanguruma. Nilivua hereni, nikatoa pini nyweleni, nikabeba pasi ya mkaa nikaenda kuiacha kwa Joselyne. Sijawekewa chuma chochote, lakini nilitetemeka kama tayari kimo ndani.

Alhamisi, 13 Novemba

Hospitali. Ngazi za soko zilinishinda, ikabidi. Lakini sikwenda hivi hivi, nilikwenda na mpango. Nilimwambia daktari, dada mmoja anayeitwa Uwase, kwamba inayouma ni nyonga ya kulia. Wakija na msumeno wataikuta nzima, wataona haya, wataniacha. Nani mwingine angewaza hivyo?

Kumbe radio, ile picha ya mifupa, inachukua pande zote mbili kwa picha moja! Hakuna aliyeniambia. Daktari aliangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye picha. Akasema ya kulia ni nzuri pengine kuliko yake mwenyewe. Ya kushoto ndiyo ina arthrose, yaani ule ulaini ulio kati ya mifupa umeanza kulika. Nikafumba macho kungoja neno operesheni.

Akasema hakuna kukata. Nifanye mazoezi na kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, nipunguze uzito, ninywe dawa maumivu yakizidi, nitembee na fimbo mkono wa kulia. Yote hayo yasiposaidia, kuna sindano ya kuingiza dawa ndani ya kiungo. Operesheni iko mbali huko, na huenda nisiihitaji kabisa.

Mwingine angeshangilia. Mimi jasho lilinitoka. Kwa nini hawanikati? Wanaokatwa ni wale ambao bado wana tumaini! Mimi wameniona nimekwisha, wananiambia maneno matamu nirudi nyumbani.

Nikamwuliza juu ya kile alichonitumia Hugues, mtoto wa dada yangu, kwa WhatsApp. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine, wanairudisha kwenye nyonga, na nyonga inaota upya. Daktari akasema matibabu hayo yapo kwenye miji mikubwa, wengine wanapata nafuu kwa muda, wengine hawaoni kitu, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. Nyonga iliyoota upya hajaiona. Mimi nilisikia "yapo", nikatosheka. Mjusi si anaota mkia? Nina ubaya gani kuliko mjusi?

Kine anaitwa Mucyo, mpole, na viatu vyeupe. Akanionyesha jinsi ya kulala ubavu na kuinua mguu, kisha kulala chali na kuinua makalio. Makalio! Kwa umri wangu, mbele ya mtoto wa watu! Nilimwambia nimeelewa kabla hajamaliza. Na kuhusu fimbo, ni wazi daktari alichanganywa na uongo wangu, maskini. Ubovu uko kushoto, yeye anataja mkono wa kulia. Nitaishika kushoto, ila sikutaka kumwaibisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana nilikunywa supu ya kongoro asubuhi, mchana na jioni. Mguu wa ng'ombe umejaa viungo, viungo vitajenga kiungo. Leo sketi ya sare haifungi. Mwili unaota kweli, ila bado haujapata njia ya kufika kwenye nyonga.

Nikachukua moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka kwenye maji ya moto ya Bugarama, mahali nisipojulikana. Njia nzima nilimshika dereva mabega na kusali rozari. Mashimo yote yalipita ndani ya nyonga yangu. Lakini nilipoingia majini mpaka kiunoni, ee Mungu wangu, raha! Mbele yangu alikaa mwanamke mwenye taulo kichwani. Taulo likateleza. Patricie!

Alisema amekuja kwa ajili ya ngozi. Nikasema nimemsindikiza binamu. Akauliza huyo binamu yuko wapi. Nikasema anakuja. Akanitazama nilivyoegemea upande mmoja, akasema, "Sasa binamu yako njo anaogea mu nyonga yako?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alirudisha taulo kichwani. Amejua, na kesho baada ya misa parokia nzima itajua.

Jumatatu, 17 Novemba

Jana Patricie hakusema neno. Alinisalimia kwa heshima! Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Mtu anayekusubiri hivyo ana kitu kikubwa mkononi.

Lakini wakati namenya viazi mpango ulikuja wenyewe. Wakichechemea wote, nani ataona kwamba mimi nachechemea? Leo nilimwambia Papa Nsabimana, mwalimu wa kwaya, kwamba Bukavu kuna hatua mpya ya kumpokea Mfalme. Unakanyaga kwa mguu wa kulia, unazama kushoto, unaburuta mguu polepole, unangoja ngoma. Nikamweleza kwamba ni alama ya unyenyekevu. Papa Nsabimana alifumba macho. "Ile kitu iko na maana ya ndani, Maman," alisema. "Fundisha bamaman bote."

Jioni bamaman wote walikuwa wanachechemea mbele ya altare, na mimi katikati yao nachechemea kwa amani. Patricie hakufundishwa. Aliiweza mara moja, vizuri kuliko mimi, ila yeye anazama kulia. Papa Nsabimana alimsahihisha, akasahihisha tena, mwishoni akamwacha.

Alhamisi, 20 Novemba

Balaa! Joselyne amenirudishia pasi huku ameshika kiuno. Anasema nyonga inamwuma tangu tuanze hatua ya Mfalme. Mama mwenye duka la unga, anayecheza nasi, naye anaumwa. Shemeji yake pia. Nimeambukiza parokia! Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Sijui kama arthrose inapita kwa kugusana, na daktari siwezi kumwuliza, maana ataniuliza imeanzia kwa nani.

Mazoezi ya Mucyo sijafanya. Nimeyafikiria, nikiwa nimekaa. Fimbo naishika kushoto nyumbani tu, mlango ukiwa umefungwa, na naumia zaidi. Nilijua tu kwamba fimbo hazisaidii. Kongoro imebaki sufuria moja.

Jumapili, 23 Novemba

Niandike yote.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mvua. Nilivua hereni mlangoni. Wimbo wa matoleo ukaanza, tukaingia, kikapu changu mbele, na nyuma yangu bamaman wote wanazama na kuburuta. Watu walipiga vigelegele. Kisha nikamwona Mucyo kwenye safu ya pili, na viatu vyake vyeupe. Hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo radi ikapiga. Karibu sana! Taa zikazimika, ngoma ikanyamaza, mguu wangu wa kushoto ukakataa kabisa kunibeba. Nikaanza kuanguka na kikapu cha Mfalme. Niliona benchi la bakoko, niliuona upepeo wangu ukinisubiri. Nikashika cha kwanza nilichokipata, bega la Patricie. Na yeye akanishika kiuno kwa nguvu, maana kumbe naye alikuwa anaanguka. "Usiniache, Nzigire," alinong'ona. "Ya kuume imekufa tangu Pasaka. Nilikuwa naogopa uniseme."

Uniseme! Mimi!

Tukaenda hivyo mpaka altareni, yeye mbovu wa kulia, mimi mbovu wa kushoto, tumeshikana. Tulitembea tumenyooka kuliko wote. Nililia machozi kabisa na sikuona haya. Watu walidhani ni ibada.

Nje, Mucyo alitukusanya chini ya paa. Akauliza ni nani aliyefundisha watu wenye afya kuumwa. Wote walinigeukia. Hakunigombeza. Alisema arthrose haiambukizi, bamaman wameumia kwa kuchechemea bure, na kuanzia Jumanne atatufanyisha mazoezi sote katika ukumbi wa parokia. Papa Nsabimana akaamua hapo hapo kwamba kikapu cha kwanza sasa kitabebwa na wawili, mimi na Patricie, bega kwa bega. Hakuna aliyetaja benchi.

Jumanne, 25 Novemba

Ukumbini. Tulilala kwenye mikeka na kuinua makalio, parokia nzima, na ikawa kicheko kitupu. Mucyo aliihamishia fimbo yangu mkono wa kulia, akasema hushikwa upande usiouma. Nikatembea mpaka mlangoni na kurudi, na nyonga ikakaa kimya. Aliniuliza kama kuna tofauti. Nikasema sijui. Siwezi kumpa daktari ushindi wote kwa siku moja.

Patricie alikuja nyumbani kwangu, tukanywa chai kama ndugu. Nimemsamehe kila kitu. Anajifanyia mazoezi asubuhi na jioni, na anaendelea vizuri. Vizuri mno. Kwenye kikapu cha wawili lazima mmoja awe mbele nusu hatua, na mwenye nyonga nzuri ndiye atakayekuwa mbele. Nilimmiminia kongoro iliyobaki, bakuli mbili zilizojaa. Nilimwambia inajenga.

Jambo moja dogo. Tangu asubuhi goti la kulia linasema kah. Kesho narudi hospitali, na sitaki kusikia habari ya kukata. Nitamwambia daktari ni la kushoto. Safari hii hawanipati, nimeshaulizia: goti linapigwa picha moja moja.