Koti la Mwalimu Mkuu na Sura Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nimeaibika. Salamu tatu nimemtumia kwa simu fundi cherehani wa mlango wa pili, zote kimya! Leo nimemkuta akifagia kibaraza, nikamuuliza kulikoni. Kumbe hakujua ni mimi. Picha yangu kwenye simu ni kiatu. "Mzee Soli," akasema, "mimi siongei na viatu."

Basi. Na ile raba nilivyoitia soli kwa ustadi!

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaweka sura yake. Miwani nyeusi, kakalia pikipiki isiyo yake. Yeye kajibiwa, tena kwa ua! Mimi tangu nifiwe na mke ni mwaka wa sita nanywa chai nikitazamana na ukuta. Lazima nipate picha.

Jumanne, tarehe 4
Nimeegemeza simu kwenye kile chuma ninachogongea viatu. Nikajipiga picha tisa. Nne ni matundu ya pua. Tatu ni dari. Mbili ni mimi, nazo ndizo mbaya zaidi.

Nikaenda kwa kinyozi anitengeneze sharubu. Akauliza kuna sherehe gani. Nikasema jino linauma. Kakata upande wa kushoto juu, wa kulia chini. Nilipolalamika akasema mkasi hauna kosa, babu, uso wenyewe ndio umekaa upande. Mshenzi!

Jumatano, tarehe 5
Mambo yamejipa! Fundi cherehani ameniomba nimwangalizie duka, anakwenda kununua vifungo. Ukutani linaning'inia koti la kijivu la mwalimu mkuu. Koti, si mchezo! Yule mama akishona, hata kitambaa kinajisikia. Nimevaa. Limenikaa kama nilizaliwa nalo. Kifuani kuna msalaba mweupe, na nyuzi nyeupe ndefu zimepita begani hadi mkononi. Mitindo ya siku hizi, nikasema moyoni.

Nimepiga picha moja tu. Wakati uleule kuna kitu kimenichoma kwapani, macho yakanitoka, meno yakaonekana yote manne. Lakini imetoka tabasamu kubwa, sijawahi kutabasamu vile. Nimeiweka palepale. Koti nimelirudisha kabla vifungo havijafika. Kwapani limeachia kidogo. Kidogo sana.

Alhamisi, tarehe 6
Balaa. Kinyozi ameandika kwenye kundi la mtaa: Mzee Soli, hilo koti mbona bado lina chaki na pini? Watu wamecheka hadi saa nne. Saa nne na dakika tano mwalimu mkuu akaandika maneno matatu: Hilo koti nalijua.

Sikucheka tena. Mwalimu mkuu ndiye anayempa fundi sare za shule nzima. Akiamini nguo zake zinavaliwa na kila mpita njia, sare zinahama, na yule mama anafunga duka. Kwa sababu ya meno yangu manne! Nimefikiria kumsingizia kinyozi. Nimefikiria kuhama. Mchana wote nimegonga soli moja.

Ijumaa, tarehe 7
Mwalimu mkuu kaja amenuna. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Fundi hakutetereka. Akamwambia kwamba koti huonekana lilivyo likiwa mwilini, na mtaani hapa mwenye bega la kushoto lililoshuka kama la mwalimu ni fundi viatu peke yake, ndiyo maana kalijaribiwa yeye. Akamvalisha. Lilikaa! Mwalimu akajigeuza mara tatu mbele ya kioo, akaagiza na suruali yake.

Nimejipima kwa kamba. Bega langu la kushoto limeshuka kweli! Hajawahi kunipima, kaniona tu kwa jicho. Na kwapa alishaliziba, huoni hata alama. Mama yule ni hatari.

Baadaye akapita mlangoni pangu. Hakufoka. Alisema tu, "Mzee, ungeniomba." Afadhali angenipiga.

Jumamosi, tarehe 8
Nilikuwa kazini, nimebana misumari midomoni, kiatu cha mtoto kimekaa mapajani. Sikumwona fundi cherehani akisimama mlangoni. Akanipiga picha, akanitumia. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Nani huyu mzee? Mikono imetulia, macho yamezama kwenye kazi, sharubu za upande hata hazionekani. Sikujua nikifanya kazi ninafanana na mtu wa maana.

Nimeiweka. Kundi zima limesifu. Kinyozi kaandika "hongera" bila kutaka. Fundi kanitumia maua mawili. Mawili! Halafu akauliza kesho chai nitakunywa na nani.

Jumapili, tarehe 9
Tumekunywa chai. Ametazama picha yangu, akasema nisiiguse tena, imetosha. Nimemwahidi.

Jioni mwalimu mkuu ameniletea viatu vyake vyeusi nivitie visigino. Ngozi laini, vinang'aa kama kioo. Saizi yangu kabisa. Ile picha ya fundi inaishia mapajani, miguu haionekani. Nimevijaribu. Kesho fundi anakwenda kununua nyuzi.