Bahari ya Sebuleni Kwetu

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Bahari imefika Ifakara! Imekuja kwa Fuso, imefungwa magodoro pande zote, na sasa ipo sebuleni kwangu, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kandida, mke wangu, ameuliza vyombo viende wapi. Mtu ameletewa bahari, yeye anauliza habari za sahani!

Mwenye nayo ni mhandisi mmoja aliyemaliza mkataba, anarudi kwao. Amenipa bure. Tenki la kioo, samaki wawili, mawe yake ya matumbawe, mashine, hata ndoo za chumvi maalumu. Alinishika mkono muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Nilidhani ni kwa sababu ananipenda.

Niandike sababu kabla sijasahau. Baba mkwe, Mzee Hilari wa Mlimba, amechoka na mashine yake ya kukoboa mpunga. Anakuja kwetu Jumapili ya tarehe 14 kutamka nani akabidhiwe: mimi, au Justin aliyeoa mdogo wake Kandida. Justin ana gari. Tena amemwahidi mzee kwamba baada ya Krismasi atampeleka Dar akaione bahari, maana mzee alifanya kazi reli maisha yake yote, akizipungia bendera treni zote zilizokwenda pwani, na bahari yenyewe hajaiona hadi leo. Sasa mimi nitamwonyesha kabla. Akiwa amekaa kwenye kochi. Na soda mkononi.

Kufuga kware kulinishinda. Kulima vanila kulinishinda. Hii haina cha kunishinda. Ni maji tu.

Jumapili, 31 Agosti

Si maji tu.

Mhandisi alikuja baada ya misa kunielekeza. Kuna pampu ya kupandisha maji na pampu ya kutengeneza mawimbi. Kuna mashine ya povu: inavuta uchafu wa samaki na kuujaza kwenye kikombe, na wa kumwaga kikombe ni mimi. Kuna taa zenye ratiba yao ya kuchomoza na kutua, kama jua. Kuna kipoza maji, kwa sababu bahari haiwezi joto la Ifakara. Mimi nimezaliwa kwenye joto hili na feni yangu ni mbovu, lakini jiwe lazima lipozwe! Alieleza mchana kutwa. Nusu ya kwanza nilisikiliza vizuri. Nusu ya pili nilikuwa natazama povu.

Alipoondoka nikachukua brashi na sabuni ya kufulia. Nilitaka kusugua mawe, yalikuwa na manyoyamanyoya. Nikaingiza mkono. Jiwe likarudisha vidole ndani!

Nilikaa chini, sakafuni. Jiwe limeniogopa mimi! Kandida akaja kuuliza nimeanguka au vipi, nikamwonyesha kwa kidole tu. Tukasubiri. Vidole vikatoka tena taratibu, kimoja kimoja, vya kijani na ncha za zambarau, vikaanza kupunga. Kandida hakuuliza tena habari za kabati. Chakula cha jioni tumekila hapohapo sakafuni, tukiwa tumeyageukia mawe.

Sabuni nimeirudisha bafuni.

Jumanne, 2 Septemba

Nkwabi, jirani yetu mfugaji, amekuja kuona mifugo yangu. Akauliza wanaliwa? Nikasema hawaliwi. Wanakamuliwa? Nikamwambia aache utani. Basi mtu anaweza kuwatolea mahari? Akasema amechunga ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa hadi bonde hili na hajawahi kuona mfugo unaokula umeme.

Nikamwambia achuchumae. Wale samaki wa rangi ya chungwa walikuwa wanajilaza ndani ya kiumbe kinachofanana na ua. Kiumbe hicho humchoma samaki mwingine yeyote, lakini hao wawili kinawakumbatia. Nkwabi akavua kofia. Akabaki amechuchumaa mpaka ng'ombe wake wakaingia kwenye mchicha wa watu.

Umeme kweli wanakula. Nanunua uniti kama mtu anayenunua karanga.

Alhamisi, 4 Septemba

Maji yanapungua. Joto linayanywa. Hainisumbui, mimi ni mtoto wa bonde! Jaruba la mpunga likipungukiwa maji, unafungua mfereji, maji yaleyale yanaingia, basi. Kwa hiyo kila asubuhi nakoroga ndoo ya maji na chumvi ya mhandisi, namimina. Leo nimezidisha kidogo. Mzee anastahili bahari iliyokolea.

Jumamosi, 6 Septemba

Umeme umekatika! Pampu zote kimya. Hili nililisikia, lilikuwa kwenye nusu ya kwanza: bila mawimbi, matumbawe yanakosa hewa. Nikachukua upawa. Nikakoroga bahari. Mkono ukachoka, nikampa Kandida, naye akakoroga huku maharage yakiungua jikoni. Nilimwambia tunaokoa uhai. Akasema hata maharage yalikuwa ya kuliwa na watu walio hai.

Ikabidi nimpigie Justin. Ndiye mwenye jenereta. Aibu nikaimeza kama mate. Akaja anacheka tangu getini, akiniita mwanyumba kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, akiuliza kama papa wamefika. Akaingia. Akatazama. Kicheko kikakatika. Alinipokonya upawa akakoroga mwenyewe, na jenereta lilipowaka bado alikuwa anakoroga.

Wakati wa kuondoka akapata tena ulimi. Akasema Jumapili hiyo atakuwepo, aone kama hayo mawe yatakuwa bado hai. Nilimshukuru kwa meno ya mbele tu.

Jumatano, 10 Septemba

Mawe yamefunga. Hakuna kidole hata kimoja. Yale ya zambarau yamepauka, samaki wamejibana nyuma ya pampu. Ni jicho la Justin! Aliyatazama mno.

Au yana kiu ya kwao. Kiumbe wa baharini, mbali na pwani, lazima akumbuke nyumbani. Nimeongeza chumvi.

Ijumaa, 12 Septemba

Hali mbaya zaidi. Simu ya mhandisi haipatikani, ameshapanda ndege. Nimekaa mbele ya kioo nikalia. Nashangaa mwenyewe: mashine ya mpunga sikuikumbuka hadi nilipomaliza kulia. Nilikuwa nalilia vile vidole.

Kandida akatoka jikoni, akaniuliza kila siku nawaongezea nini. Nikamweleza habari ya jaruba. Akasema mchuzi ukikaukia jikoni, kinachoondoka ni mvuke, chumvi inabaki sufuriani. Je, nimewahi kumwona akiongeza maji ya chumvi kwenye mchuzi uliokaukia?

Nimewahi kumsikia mhandisi akisema hivyohivyo. Povu lilikuwa linapanda.

Kandida akachukua kijibomba cha kupimia chumvi alichotuachia mhandisi, ambacho mimi nilikuwa nakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke, akaweka tone, akachungulia. Akasema hii si bahari, hii ni chumvi ya kukaushia samaki wa ng'onda. Tumeanza kuchota maji ya chumvi na kurudisha maji matamu yaliyochujwa. Nilitaka tumimine ndoo nzima yaishe. Amenipiga mkono. Kikombe kwa kikombe, mpaka kesho.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee Hilari amefika. Shikamoo, marahaba, wali kwa kuku. Tenki nimelifunika kitenge, kwa sababu asubuhi nusu ya mawe yalikuwa bado yamefunga. Sikula. Justin alikula vizuri sana.

Taa za tenki zilipogeuka bluu nikafunua. Nilifumba macho. Nikasikia mzee akivuta pumzi, nikafumbua. Yamefunguka! Si yote, lakini yamefunguka, yanapunga yote upande mmoja, kisha yote upande wa pili. Mzee akainuka. Akachovya kidole, akakilamba. Akasema, "Kumbe ni kweli ina chumvi." Halafu akasimama wima kama yuko stesheni, akanyoosha mkono ule wa bendera, akayapungia mawe. Mawe yakampungia. Hakuna aliyecheka. Kandida alikuwa anafuta macho kwa kanga, na mimi pia, kwa kitenge.

Justin hakuweza kuacha. Akauliza kwa upole, mwanyumba, maji yakipungua unafanyaje? Nikaanza kusema kwetu bondeni, jaruba... Kandida akanikatiza akamweleza baba yake habari ya mchuzi, mvuke na kikombe.

Mzee akanitazama mimi, akamtazama Justin, akamtazama binti yake. Akatamka. Mashine ni ya Kandida. Kuhusu mimi alisema mtu aliyeweza kuleta bahari Ifakara aachwe na bahari yake, asisogee karibu na mpunga, atautia chumvi.

Jumatatu, 15 Septemba

Tumeshinda! Mashine imeingia nyumbani kwetu. Kandida anasema haijaingia nyumbani, iko Mlimba, na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake, na utakaa hapo. Ni furaha tu imemzidi.

Mzee hajaondoka. Amesogeza kiti mbele ya kioo tangu alfajiri, chai imepoa mkononi. Amempigia Justin simu kumwambia safari ya Dar haina haraka. Mimi nimekaa pembeni yake. Jiwe moja lililokuwa limefunga limetoa kidole, mzee akanishika goti.

Baadaye, bila kugeuza macho, amesema jambo. Amesema maishani mwake hata theluji hajaiona.

Nkwabi anamjua mtu anayeuza friza kubwa la mtumba, bado linagandisha. Nimeshapima ukuta wa chumbani, kabati la nguo likiondoka, friza linaenea. Kandida nitamwambia likishafika. Wala si kazi. Theluji, ukiifikiria vizuri, ni maji tu.