Mtihani wa Kunyamaza

Kijiweni, redio ya Mama Kahawa, muuza kahawa, haijamaliza hata tangazo, Profesa akawa tayari ana jibu. Ndiyo maana walimwita Profesa. Shule aliipitia tu njiani.

"Mmesikia? Kikundi cha vijana kisicho na kiongozi mtu mzima aliyefuzu mafunzo, marufuku kulala porini. Mafunzo ya nini? Kuwasha moto nako kunataka cheti?"

"Muulize Masta," akasema Bei Poa, muuza mitumba. "Si ndiye katoka kwenye mafunzo hayo juzi? Alijitolea kwa mbwembwe, karudi kimyakimya."

Masta, fundi kufuli wa mtaa, akashusha pumzi. Alikuwa ameificha aibu ile kama jino bovu, na sasa wameligusa.

"Nimefeli," akasema.

"Umefeli nini? Kufunga kamba?"

"Kunyamaza."

Wakacheka mpaka benchi likalalamika. Masta akawaacha wamalize, kisha akaeleza. Kila aliyejitolea alipewa vijana wake. Wao wasimamishe mahema, yeye akae kwenye kigoda aangalie. Asitie mkono, asitie neno, labda mtu awe karibu kuumia. Hema la kwanza lilisimama upande na yeye akavumilia. La pili akainuka kuonyesha kidogo tu. Kufika mchana mahema yote kayasimamisha yeye, na vijana wako kivulini wanacheza karata.

"Mkufunzi akaja, akayazunguka, akavigonga vigingi kwa kiatu. Akaniambia, 'Mzee wangu, mahema mazuri sana haya. Umefeli.'"

"Uonevu huo," Profesa akasema. "Samaki mkunje angali mbichi. Usipomkunja, atajikunja mwenyewe?"

"Ndugu yangu, kesho narudia. Nikifeli tena kikundi cha vijana wetu kinafungwa, maana mtu mzima mwingine hakuna. Na binti yangu ndiye kachaguliwa kuwaongoza wenzake kupanda mlima." Masta akatazama chini. "Tangu juzi ananiamkia tu, basi. Kaniambia, 'Baba, wewe hata penseli nikichonga unaninyang'anya.' Imeniuma, kwa sababu ni kweli."

Kabla hawajapata la kumfariji, Mama Kahawa akatoa habari mbaya zaidi. Kabati la vikombe limegoma. Kufuli imekwama, ufunguo unaingia lakini hauzunguki.

Masta alishasimama. Profesa akamvuta shati.

"Kaa chini. Mtihani wako unaanzia hapa. Fundi akinyamaza mbele ya kufuli, hema litamtisha nini?"

"Na kahawa yetu?" akauliza Bei Poa.

"Elimu ina gharama zake."

Masta akakaa, akaikalia mikono yake. Profesa akaanza na sayansi: chuma kikipata joto hutanuka, kwa hiyo kufuli inywe kahawa kwanza. Akaimiminia. Bei Poa akasema sayansi imeshindwa, akachomoa kiatu kwenye furushi lake na kuipiga kwa kisigino chake. Mishipa ya shingo ikamsimama Masta.

"Midomo inamcheza," Bei Poa akasema. "Anasali huyu."

"Masta, jirani yangu," Mama Kahawa akalia, "unawatazama tu wakinimalizia kufuli yangu?"

Masta akatikisa kichwa, macho kayafumba.

Hapo ndipo binti yake akatokea, begi begani, kaja kumwita nyumbani.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Baba, unaumwa?"

Masta akatikisa kichwa tena. Binti akaitazama kufuli inayochuruzika kahawa, akaitazama mikono ya baba yake ilikojificha, akaelewa. Akatua begi, akaenda kabatini.

"Zungusha kushoto," Profesa akaelekeza.

"Kulia. Kwa nguvu, mwanangu," akasema Bei Poa.

Binti akazungusha kwa nguvu. Ufunguo ukaanza kupinda, na Masta akajisikia kama anayepindwa yeye. Neno lilimfika kwenye meno. Akaling'ata hapohapo.

Binti akaacha. Akauchomoa ufunguo, akaifuta kufuli kwa kitambaa, akapuliza tundu hadi mashavu yakatuna. Kwenye begi akatoa penseli, akausugua ufunguo kwa risasi yake ili uteleze, mpaka ukawa mweusi. Akaurudisha. Ukagoma. Profesa akapiga mluzi wa kukata tamaa. Binti akaikandamiza kufuli kwa kiganja, kama anayetaka kuifunga zaidi, ndipo akazungusha polepole. Ikaachia.

Ule mkandamizo Masta hakumfundisha. Kila mara alikuwa anampokonya kabla hajafika hapo, na sasa kifua kilimjaa, hajui kama ni fahari au majuto.

Vikombe vikatoka. Profesa akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Haya Masta, mtihani umekwisha. Mwambie mtoto alipokosea. Ufunguo nusura ukatikie mle ndani, nimeona mimi."

"Mama Kahawa," Masta akasema, "mjazie huyu kikombe apate cha kuziba mdomo."

Kisha akamgeukia binti yake. La kumwambia alikuwa nalo, tena refu, lina mwanzo na mwisho. Akalimeza. Akachukua tu begi la shule la binti ili ambebee, na binti akalirudisha begani kwake mwenyewe, akamtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Kumbe unaweza, baba."