Gurudumu la Mianzi la Igowole

Jumatatu, 6 Februari 1956
Mkaguzi wa shule anakuja Alhamisi. Mwalimu Mkuu Danieli kasema mmoja wetu, mimi au Evarista, atahamishiwa Idodi, na mkaguzi ndiye atakayechagua. Idodi! Simba wanapita mlangoni kama majirani. Evarista anafundisha watoto kusuka vikapu, na wakaguzi wote hupenda vikapu. Mimi sina kitu.

Jumanne, 7 Februari
Nimepata wazo! Darasa langu litatengeneza gurudumu la maji, lizungushwe na mfereji ulio nyuma ya shule. Watoto wajifunze kwa mikono. Nimewaagiza kila mmoja alete kipande cha mwanzi, kiwe wazi upande mmoja tu, kikinge maji. Evarista kaniuliza watavitoa wapi. Wivu tu huo.

Jumatano, 8 Februari
Watoto hawa dhahabu! Wameleta vipande vizuri, vimekwisha kukatwa, vingine vina hata kamba. Vinanukia utamu kidogo. Tumevifunga, tumetia gurudumu mferejini. Linazunguka! Nikacheka peke yangu. Kisha nikaogopa, kwa sababu nimecheka.

Alhamisi, 9 Februari
Nimekwisha. Vile vipande ni mbeta, vyombo vya kukingia ulanzi! Watoto walivichomoa kwenye mianzi inayogemwa, kijiji kizima, wakamwaga pombe ya watu. Mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, wagema wakatokea na visu vyao, mzee Kalinga mbele. Nikajificha nyuma ya mkaguzi. Mzee akasema, “We mwalimu, mwanangu, nimekukosea nini? Tangu jana ulanzi wangu wanaunywa nyuki. Njoo uwaone, wamelala njiani!” Evarista alicheka mpaka akakaa chini. Mkaguzi hakucheka. Aliandika kitu kirefu.

Ijumaa, 10 Februari
Nimerudisha mbeta nyumba kwa nyumba. Mke wa Kalinga kaniita Mama Nyuki. Jioni Mwalimu Mkuu akaniita, nikajua nimefukuzwa. Kumbe pongezi! Mkaguzi kasema vikapu kila shule inavyo, gurudumu hajapata kuliona. Mwalimu wa namna yangu anahitajika haraka mahali penye shida ya maji. Idodi.
Evarista ananisaidia kufunga mizigo. Anaimba.

Jumapili, 12 Februari
Nilikuwa nalia, sasa nimeacha. Nina wazo! Huko Idodi darasa langu litatengeneza uzio wa kengele kuzunguka nyumba yangu. Simba akiugusa tu, nasikia. Kila mtoto ataleta kengele moja. Hazitatusumbua kupata: nimeambiwa kule kila ng'ombe anayo yake.