Homoni za Mkuu wa Idara

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa idara anastaafu. Cheo changu hicho! Nimekingoja mpaka kipara kimenitoka. Kikwazo ni kimoja: Mwalimu wa Jiografia. Mwanamke. Anapendwa na kila mtu chuoni, hata na mashine ya kunakili, ambayo mimi hunitafunia karatasi. Nimewaeleza wenzangu kwamba uongozi ni suala la homoni ya kiume. Sayansi hiyo, si mimi. Mwalimu wa Jiografia akaniuliza kama ni homoni hiyo iliyosahihisha mitihani yangu muhula uliopita. Nikasema nina kipindi. Aliisahihisha yeye.

Jumanne, 4 Machi
Kuna mtafiti kapewa kile chumba cha zamani cha cherehani. Anapima homoni hiyohiyo katika mate ya wafanyakazi wanaojitolea, asubuhi na jioni. Daktari wa kike, mtetezi wa wanawake, miwani nchani mwa pua. Nikajitolea mbio! Nikamwomba anipimie uongozi, nipeleke ushahidi kwenye usaili Ijumaa. Akasema, Mwalimu, hii si mizani ya ukubwa. Na nani aliyeibatiza ya kiume, wakati wanawake nao wanayo? Tena hupanda na kushuka kufuatana na mtu anachofanya. Nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyomwitikia mama mkwe. Nilichosikia ni neno moja tu: hupanda!

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kupandisha. Nikamwamuru tarishi ahamishe kabati. Akaniambia, mzee, lihamishe mwenyewe upunguze kitambi. Nikaenda kantini, nikamwalika mpishi tushindane nguvu za mkono. Mama wa makamo, nikamwonea huruma. Akanilaza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga sufuria! Kantini nzima ikashangilia. Akaniuliza, shemeji, nikuongezee mchuzi? Jioni nilitema mate kwenye kichupa kwa hasira. Hasira nayo si homoni?

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Binti yetu ana mtihani, mke wangu ana zamu wodini, nikaachiwa mjukuu mchanga. Nikalalamika kwamba nina usaili kesho. Mke wangu akasema, babu, basi anza kwa kumwongoza huyu. Akaondoka akicheka. Mtoto akalia, nikaimba. Akanyamaza, nikaendelea kuimba. Akalala kifuani kwangu, na sikutaka aamke. Lakini hilo halimhusu mtu. Mate ya jioni nilitema naye akiwa begani.

Ijumaa, 7 Machi
Matokeo kabla ya usaili. Baada ya kantini: imeshuka. Baada ya mjukuu: imeshuka zaidi. Daktari akanipa hongera. Hongera! Ati mwili wangu unajua kulea. Kumbe Mwalimu wa Jiografia naye alijitolea, na karuhusu yake yatajwe: siku aliyoongoza kikao kwa niaba ya mkuu, ilipaa. Daktari akasema wasichana hunyimwa nafasi ya kuamua tangu utotoni, kisha watu huwapima na kusema, mnaona, hawakuumbwa kuongoza. Nikamwambia nina haraka. Nikaingia kwenye usaili mikono mitupu. Wakaniuliza idara nitaiendeshaje. Nikakohoa, nikajibu kwa sauti nzito: kwa homoni. Wakaangaliana. Mmoja akaomba maji.

Jumamosi, 8 Machi
Cheo kapewa Mwalimu wa Jiografia. Amri yake ya kwanza: nifike kazini kwa wakati. Udikteta!
Nimelala kitandani mchana kutwa nikitafakari yale matokeo, na sasa naona wazi kama jua. Sote tulikosea, hasa Daktari. Mtu ambaye homoni yake inapaa kila kikao ni hatari. Ipo siku atawaka kama kibiriti. Kuongoza kunataka utulivu. Idara inahitaji mtu mwenye homoni ya chini. Na ni nani chuoni amethibitishwa na maabara kwamba yake inashuka, na ikishuka inazidi kushuka? Mimi! Jumatatu nakata rufaa.