Kampeni Yangu ya Kumwokoa Mkono wa Shaba

Jumatano, 11 Februari

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Nimetoka sasa hivi kwa Dottie, duka letu la vitabu vya katuni, hata theluji haijayeyuka viatuni. Gus Hallenbeck anastaafu. Miaka ishirini amekuwa akimwandika shujaa wetu, Mkono wa Shaba, sasa anahamia Florida kuvua samaki. Nafasi yake amepewa mwanamke anaitwa Noreen Castellano, ambaye mpaka leo kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya mapishi. Mapishi! Mkono wa Shaba aliyesimamisha treni kwa kiganja! Sasa atakaanga vitunguu.

Nikasimama katikati ya duka nikatangaza kwamba nasusia. Meza nzima ya sisi wasomaji tunaokutana kila Jumatano ilisikia. Vernon Lusk, ambaye hanipendi tangu nilipompiku kwenye mnada, akasema mimi sina ubavu wa kususia hata kahawa ya bure. Dottie akanivuta pembeni, kule kwenye rafu ya sanamu. Akanionya kwamba mauzo yamekuwa mabaya na kampuni imeshasema wazi: toleo la kwanza la Castellano lisipouzika, Mkono wa Shaba ndiyo basi, hachapishwi tena. Nimemjibu ni heri afe na heshima zake. Dottie alinitazama kama mtu aliyekojoa ndani ya lifti.

Alhamisi, 12 Februari

Waraka wa kupinga uko mtandaoni. Ulikuwa wa kurasa tatu, nikapunguza hadi mbili kwa kuwahurumia wasomaji. Saini mpaka jioni: yangu, na ya dada yangu Loretta, ambaye nimemsainia mwenyewe kwa kuwa alikuwa bafuni.

Vernon ameandika hapo chini, kila mtu aone, kwamba nimekosea jina la huyo mwanamke. Kweli. Nimeandika Doreen. Nimejaribu kurekebisha, mtambo umekataa. Usiku nimepata ujumbe kutoka kwa Doreen Castellano, daktari wa meno, mkazi wa Buffalo. Anauliza kwa upole amenikosea nini.

Jumanne, 17 Februari

Kesho Kwaresima. Jioni tulikuwa ukumbi wa kanisa, tukila yale maandazi ya Kipolandi ya jemu kabla milango ya raha haijafungwa. Kila mtu alisema atajinyima nini. Loretta sigara. Padri mpira wa magongo kwenye televisheni, na sauti ilimtetemeka. Mimi nikasimama, nikafuta sukari mdomoni, nikasema najinyima Mkono wa Shaba mpaka Pasaka. Makofi! Vernon hakupiga.

Nimefika nyumbani ndipo nikagundua tatizo. Nina matoleo yote. Yote! Kuanzia lile la kwanza, ambalo Baba alininunulia kwa kinyozi nilipokuwa na miaka tisa, mpaka la mwezi uliopita. Nikiruka moja, ni pengo. Mtu mwenye pengo hana mkusanyo, ana rundo la karatasi.

Nimekaa jikoni mpaka maandazi niliyoficha mfukoni yameisha. Suluhisho: nitanunua bila kusoma. Halafu likaja lingine, kubwa zaidi. Nikinunua nakala zote za toleo la kwanza la Castellano, litokalo kesho, hakuna mtu hapa mjini Erie atakayesoma. Kususia kwa jumla! Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumatano, 18 Februari

Ushindi! Nilikuwa mlangoni kwa Dottie kabla hajafungua, koleo la theluji mkononi, nijifanye napita tu. Akanishukuru, akaniachia njia yote ya mbele niisafishe, pamoja na ya jirani yake muuza mazulia. Mgongo umekwisha. Lakini nakala zote nilizikomba. Nilisema ni za wapwa zangu. Dottie anajua sina mpwa, ila aliendelea kuzitia kwenye mifuko.

Kisha nikachukua gari la Loretta mpaka mji wa jirani, Meadville, na kutoka huko mpaka Ashtabula. Maduka yote nimeyaacha meupe.

Sasa utamu wenyewe. Vernon hakubali Dottie amwekee nakala kando. Hutaka kuchagua mwenyewe rafuni, apime kona moja moja kwa jicho. Na leo alipitia kanisani kwanza kupakwa majivu. Nilikuwa nimerudi kwa Dottie kunywa kahawa, kwa hiyo niliona kila kitu. Aliingia na msalaba wake wa majivu kwenye paji la uso, akaikuta rafu tupu. Akaniuliza kama nimeona hata moja. Nikamwambia mimi niko kwenye mfungo, habari za dunia sizijui.

Vernon ana pengo! Nimeimba mpaka nyumbani.

Alhamisi, 19 Februari

Loretta amezikuta. Nilikuwa nimezipanga ndani ya beseni la kufulia, kwenye chumba cha chini ya nyumba, nikazifunika taulo. Akachukua moja bila hata kunawa mikono! Akaisoma amesimama. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha Mama, ambacho hakuna aliyekikalia tangu tulipomzika Novemba.

Akaniambia nisome. Nikamkumbusha Kwaresima.

"Mungu ataelewa," akasema. "Soma, Orville."

Nimesoma. Hakuna hata ngumi moja. Mkono wa Shaba anakwenda kumwona mama yake, mzee sasa, anayemwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Mama anataka kufungua chupa ya matango ya siki, hawezi. Anampa yeye. Na yule mtu aliyesimamisha treni anaogopa kuishika kwa ule mkono, asije akaipasua mbele ya mama yake. Anatumia mkono wa kushoto, wa kawaida. Inamchukua ukurasa mzima. Mama anamwambia, "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, anahangaika tu."

Nililia. Sikulia kidogo, nililia mpaka Loretta akanipa ile taulo ya kufunikia.

"Mama yetu angeipenda," akasema.

Baada ya hapo nikaliangalia lile beseni. Toleo zuri kuliko yote tangu nizaliwe, na limejaa chini ya nyumba yangu kama nguo chafu. Nani ataulizia lijalo, kama hakuna aliyeliona hili? Kampuni itamzika Mkono wa Shaba, na mchimba kaburi ni mimi. Sijapata usingizi.

(Kuhusu nadhiri: badala yake najinyima kabichi, ambayo siipendi hata hivyo.)

Jumamosi, 21 Februari

Mpango wa kurudisha. Nilivaa koti la Baba, lile la kazini bandarini, ambalo linaweza kubeba mbuzi. Nikajipangia nakala kifuani, mgongoni na mikononi. Niliingia kwa Dottie nikiwa mnene. Nilikusudia kutoka nikiwa mwembamba.

Nilikuwa nimesharudisha tano rafuni, nikijifanya napiga chafya, Vernon alipopiga kelele kwamba Orville anaiba. Dottie akanishika mkono. Koti likafunguka. Nakala zikamwagika mpaka mlangoni, na meza nzima ikageuka.

Dottie aliokota moja. Akaitazama, akanitazama.

"Miaka yote hii nawakamata watu wanaotoa vitabu kwa siri," akasema. "Wewe ni wa kwanza kuwaza kuviingiza."

Nikaeleza. Sikuwa na jinsi. Nikasema kwamba nimemuua Mkono wa Shaba kwa mikono yangu, na kwamba namwomba kila mtu achukue nakala bure, asome, aiandikie kampuni. Sauti ilinikatika mahali pa matango.

Dottie akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa. Kumbe tangu Alhamisi simu yake haijapumzika. Vernon, kwa uchungu wa pengo lake, alikwenda kulia mtandaoni kwamba toleo hili halipatikani Erie, Meadville wala Ashtabula. Wakusanyaji wa Cleveland wakashtuka, wakamaliza za kwao. Buffalo hivyo hivyo. Hofu ikaenea mpaka miji nisiyoijua. Kampuni inachapa upya, na Castellano amepewa mkataba wa miaka mitatu.

Mkono wa Shaba yu hai! Nilimkumbatia Dottie. Nilikaribia kumkumbatia muuza mazulia, aliyekuja kuuliza kelele za nini.

Vernon alikuwa amesimama peke yake. Nikampa nakala ile aliyoikunja Loretta. Akaipima kona, akahuzunika, akasema asante. Akaisoma pale pale. Alipomaliza akaniuliza, akitazama dirishani, kama nami nililia kwenye ile chupa. Nikasema hapana, nina mafua. Akasema hata yeye yamemshika.

Jumatano, 25 Februari

Siku mbaya. Mbaya kabisa! Mchoraji anaondoka! Yule aliyemchora Mkono wa Shaba tangu nina nywele! Wanamleta kijana anaitwa Teodor Pell, ambaye mpaka leo kazi yake ilikuwa kuchora kadi za kuwatakia watu heri ya siku ya kuzaliwa. Kadi! Tutamkuta Mkono wa Shaba ameshika puto.

Noreen Castellano anastahili mchoraji wa maana. Nimesimama katikati ya duka nikasema hivyo. Safari hii Vernon amepiga makofi. Yeye atakomba maduka ya Ashtabula, mimi ya Meadville, na Loretta bado hajui kwamba nitachukua gari lake. Waraka uko tayari: nimechukua ule wa zamani, nikabadilisha jina. Daktari wa meno wa Buffalo amekuwa wa kwanza kusaini.

Dottie ameuliza, kalamu mkononi, aagize nakala ngapi za Pell. Nimemwambia aagize nyingi kadiri anavyoweza, maana safari hii tunasusia kwa nguvu zote.